Pepa za MS zinahesabiwa sana, lakini zinahesabu nini?

Mdogo wangu wa kike aliambiwa ana MS akiwa na miaka 29, baada ya karibu miaka mitatu ya kuzungushwa, mara ni stresi, mara damu imepungua, mara ni macho tu anahitaji miwani, mpaka siku moja mguu wa kulia ukagoma kabisa ndo daktari mmoja akasema huyu apelekwe MRI, kile kipimo cha picha za ndani ya mwili. Toka hapo mi nimekuwa msomaji wa pepa za MS, yaani makala za utafiti. Siyo daktari, siyo mtafiti, ni mtu tu anayejua kuingia PubMed, ile hazina ya mtandaoni ya pepa za tiba, na kukaa mpaka usiku wa manane. Na kuna jambo limenikaa kooni siku nyingi: hii hesabu ya saitesheni, yaani pepa imenukuliwa na wenzake mara ngapi, kwenye ugonjwa huu inaonyesha nani ana vifaa, nani ana hela na nani anabishana na nani, alafu sisi tunaisoma kama vile inaonyesha ukweli uko wapi na wagonjwa wako wapi.

Kwa asiyeujua, MS ni kifupi cha multipo sklerosisi. Kinga ya mwili inageuka na kushambulia mayelini, lile ganda linalofunika neva kama plastiki inavyofunika waya wa umeme, kwenye ubongo, uti wa mgongo na mishipa ya macho. Mfaransa Jean-Martin Charcot ndo aliuelezea vizuri kama ugonjwa unaojitegemea, Paris, mwaka 1868. Leo makadirio ya shirikisho la kimataifa la MS ni wagonjwa milioni 2.9 duniani, wengi wao wanawake, wengi wanaanza kuumwa wakiwa na miaka 20 hadi 40, umri wa kuzaa na kutafuta maisha.

Sasa ukitafuta pepa zilizonukuliwa sana kwenye MS utategemea ukute ugunduzi, mtu amepata chanzo au amepata dawa. Zipo, lakini kule juu kabisa utakutana na rula. Namaanisha vipimo. Kuna pepa ya John Kurtzke ya 1983 iliyoleta skeli ya ulemavu inayoitwa EDSS, kutoka 0 mpaka 10, sifuri ni mzima, sita ni anahitaji fimbo kutembea kama mita 100, kumi ni amefariki kwa MS. Na kuna vigezo vya McDonald vya kusema huyu ana MS au hana, vya 2001, vikarekebishwa 2005, 2010, 2017 na 2024, na kila marekebisho ni pepa mpya ambayo kila mtu anayeandika kuhusu wagonjwa wa MS lazima aitaje, kwasababu mhariri atamuuliza umejuaje kama hawa watu wana MS kweli.

Kwahiyo pepa hizo zinanukuliwa kama unavyotaja kilo na mita. Mtu akinukuu EDSS hasemi Kurtzke yuko sahihi, anasema nilipima kwa hii. Na wanaoitumia wenyewe ndo wanailalamikia miaka na miaka, kwamba imeegemea sana kwenye kutembea, mikono haionekani vizuri, kumbukumbu haionekani vizuri, uchovu ambao ndo unamla mdogo wangu kila siku hauonekani inavyotakiwa. Anaweza akaamka asubuhi ameshachoka kama mtu aliyelima heka, akashindwa kuoga, lakini kwenye skeli yuko 2 kwasababu anatembea. Lakini jaribio la dawa bila EDSS mamlaka za dawa hazitalielewa, wala huwezi kulilinganisha na majaribio ya nyuma, kwahiyo inaendelea kunukuliwa, na kadri inavyonukuliwa ndivyo inavyozidi kuwa ngumu kuiacha.

Inabidi nirudi nyuma kidogo kwa aliyeanzisha hizi hesabu. Eugene Garfield, Mmarekani wa Philadelphia, aliandika wazo lake kwenye jarida la Science mwaka 1955, na mwaka 1964 ikatoka ile faharasa ya kunukuliwa, Science Citation Index. Nia yake ilikuwa nzuri sana na wengi hawaijui. Alitaka mtafiti akishika pepa ya zamani aweze kuona nani ameitumia na nani ameikosoa, ili kitu kilichoshapingwa kisiendelee kutajwa kama vile hakuna kilichotokea. Yaani ilikuwa njia ya kufuatilia mjadala. Baadaye ndo ikaja impakti fakta, unachukua mara ngapi pepa za jarida za miaka miwili iliyopita zimenukuliwa mwaka huu unagawanya kwa idadi ya pepa hizo, na taratibu namba ya jarida ikageuka kuwa namba ya mtu, ya kupandishwa cheo, ya kupewa hela za utafiti. Mwaka 2012 wanasayansi walikutana San Francisco wakatoa azimio kwamba jamani tuache kupima watu kwa namba ya jarida. Taasisi nyingi zimesaini, lakini mazoea yana mizizi.

Na hebu fikiria hiyo miaka miwili kwenye ugonjwa kama MS. Mtu anaugua akiwa na miaka 27, swali lake kubwa ni atakuwaje akiwa na 50. Anayetaka kujibu swali hilo lazima afuatilie watu miaka 20 au 30, atunze rejista, apige simu, apoteze wengine njiani, na mwisho atoe pepa chache. Wa panya wa maabara atakuwa ameshatoa nyingi. Sisemi kazi ya panya haina maana, nasema saa ya impakti fakta na saa ya ugonjwa hazifanani, na anayeumia ni yule anayetaka kujua miaka yake inayokuja.

Sasa nije kwenye kisa ambacho kwangu ndo kinaonyesha hatari yote. Mwaka 2009, Paolo Zamboni, daktari wa mishipa ya damu wa Ferrara, Italia, ambaye mke wake ana MS, alitoa pepa kwamba MS inaendana na vena (mishipa inayorudisha damu kwenye moyo) za shingo na kifua kuziba au kubana, damu haitoki vizuri kwenye ubongo. Aliangalia wagonjwa 65 na watu wengine 235 wa kulinganisha, na alisema kipimo chake kiliwatenganisha wenye MS na wasio na MS bila kukosea hata mmoja. Kwenye utabibu namba ya namna hiyo inatakiwa ikushtue. Lakini ilitoka, na mwaka huohuo televisheni Kanada ikaitangaza, wagonjwa wakaanza kuchangishana hela na kusafiri kwenda Poland, Costa Rica, India, Mexico kupanuliwa vena kwa puto. Wapo walioumia na wapo waliokufa, na mwezi Mei 2012 mamlaka ya dawa Marekani ikatoa onyo.

Na pepa ile ilinukuliwa kwelikweli. Kila aliyetaka kuijaribu aliinukuu, kila aliyeikuta siyo kweli aliinukuu, kila aliyeandika kuwaonya watu aliinukuu. Mwaka 2013 timu ya Kanada ilichapisha kwenye jarida la tiba la Lancet majibu ya uchunguzi wa kuingiza mrija mwembamba ndani ya vena zenyewe, ikakuta vena zilizobana kwa 74% ya wagonjwa, 66% ya ndugu zao ambao hawana MS, na 70% ya watu baki wazima. Maana yake vena kubana ni maumbile ya watu wengi tu. Baadaye Zamboni mwenyewe aliongoza jaribio kubwa la Italia na mwishoni mwa 2017 likatoka jibu kwamba kupanua vena hakuwasaidii wagonjwa, akaliandika kwa jina lake, na kwa hilo namheshimu maana siyo wote wangefanya.

Lakini sasa angalia hesabu. Kwenye kompyuta inayohesabu, saitesheni ya anayesema umekosea ni moja, na ya anayesema uko sahihi ni moja, zinajumlishwa. Pepa iliyowapeleka watu kwenye meza za upasuaji bila sababu inaonekana ni miongoni mwa pepa zilizogusa sana fani katika muongo ule. Na kweli iligusa. Ila mtu anayekuja mgeni, mgonjwa aliyekata tamaa saa nane usiku, akiona imenukuliwa hivyo atajua tofauti? Mi mwenyewe nilipoanza sikujua. Nilimtumia mdogo wangu ile pepa kwa WhatsApp nikamwambia soma hii, imenukuliwa na watu wengi sana, na akakaa wiki nzima ana matumaini ambayo nilikuja kuyavunja mwenyewe kwa mdomo wangu. Sitasahau alivyonyamaza.

Jambo la pili ni hela. Kabla ya 1993 hakukuwa na dawa iliyoidhinishwa ya kubadili mwendo wa MS, ukawa unangoja shambulio unapewa steroidi unangoja jingine. Mwaka huo ikaja interferoni beta, na sa hizi dawa zimepita 20, ni baraka kubwa na sina ubishi nalo. Na uchapishaji ukafuata dawa, mwaka 1995 likaanzishwa jarida la MS peke yake, 2012 likaja jingine la MS na magonjwa yanayofanana nayo, na kila dawa mpya inakuja na familia yake ya pepa. Jaribio kuu linatoka, alafu linatoka la kuwafuatilia walewale, alafu uchambuzi wa vijana peke yao, alafu wa wenye ulemavu zaidi, alafu majaribio mawili yanaunganishwa, na zote zinamnukuu mama yao. Pepa hizo siyo za uongo, nyingi zina maana. Ila dawa isiyo na tajiri nyuma yake haizai watoto wengi hivyo, na mfano wake mi naujua kwa jina.

Rituximabu. Ni dawa ya zamani, iliidhinishwa 1997 kwa saratani ya limfu, inaondoa seli B za kinga. Mwaka 2008 New England Journal of Medicine ikatoa jaribio la wagonjwa 104 wa MS, na madoa mapya yanayowaka kwenye MRI yalipungua kwa 91% kulinganisha na waliopewa dawa bandia. Asilimia tisini na moja. Ungetegemea mwaka unaofuata lianze jaribio kubwa. Halikuja. Kampuni yenye dawa hiyo ikaelekeza nguvu kwenye dawa ndugu yake, okrelizumabu, inayolenga palepale kwenye seli B, ambayo ilichapishwa kwa kishindo 2017 na kuidhinishwa mwaka huohuo, kwa bei ambayo nchi zetu hata kuitamka ni kazi. Waliobaki na rituximabu ni madaktari wa Sweden, waliamua kuitumia hivyohivyo kwa wagonjwa wao na kuandika kila kitu kwenye rejista ya taifa, alafu mwaka 2022, miaka 14 baada ya lile jaribio la kwanza, wakatoa jaribio lao la wagonjwa 200 lililolipiwa na fedha za umma, kwenye Lancet Neurology: katika miaka miwili 3% ya waliopata rituximabu walipata shambulio jipya, upande wa pili waliotumia vidonge vya daimethili fumarati ni 16%.

Miaka 14 ya kungoja jibu la swali ambalo mgonjwa maskini ndo alikuwa analihitaji kuliko wote. Ukiangalia chati ya saitesheni katika miaka hiyo utaona mlima wa okrelizumabu na kilima cha rituximabu, na mtu anaweza kusema kwa nia njema kabisa kwamba ushahidi uko kule kwenye mlima. Ndiyo uko kule, kwasababu kule ndo walilipa utafutwe.

Tukija huku kwetu mambo ni magumu zaidi, maana tatizo linaanza kabla ya pepa. Kurtzke huyohuyo wa EDSS aliigawa dunia kwa kanda, ya MS nyingi, ya kati na ya chache, na Afrika ya kitropiki ikaangukia kwenye chache, vitabu vikaandika, wanafunzi wa udaktari wakasoma kwamba huu ni ugonjwa wa wazungu wa nchi za baridi. Sentensi hiyo ikanukuliwa na aliyenukuu akanukuliwa. Mmarekani Steven Greenberg alionyesha mwaka 2009 kwenye jarida la tiba la BMJ, kwa ugonjwa mwingine, wa misuli, jinsi dai linavyoweza kuota mamlaka kwa kunukuliwa tu, pepa zinazolipinga zikiachwa pembeni. Kwa MS, mwaka 2013 watafiti wa kusini mwa California waliangalia wanachama wa bima moja kubwa wakakuta watu weusi wanapata MS mpya kwa kiwango cha 10.2 kwa kila watu laki moja kwa mwaka, weupe 6.9. Tofauti ya 47%, na siyo kwa upande uliokuwa unafundishwa. Haimaanishi Afrika ina kiwango hichohicho, mazingira yana sehemu yake na chimbuko la watu lina sehemu yake, lakini inamaanisha ngozi nyeusi haimkingi mtu.

Sasa vigezo vya McDonald vinategemea sana MRI, na vinataka daktari aliyefundishwa neva awe ametoa kwanza magonjwa mengine yanayofanana. Takwimu za WHO za 2017 zilionyesha nchi tajiri zina wataalamu wa neva, ukijumlisha na wapasuaji wa neva na wa neva za watoto, 7.1 kwa kila watu laki moja, nchi maskini 0.1. Unaona jinsi mnyororo unavyokwenda, hakuna mtaalamu hakuna MRI, hakuna MRI hakuna jina la ugonjwa, hakuna jina hakuna rejista, hakuna rejista hakuna pepa, hakuna pepa hakuna wa kukunukuu, alafu mtu anafungua chati anasema kumbe Afrika MS haipo. Na hata ukiandika, jarida zuri linataka hela ili makala isomwe bure, jarida la Nature walipotangaza 2020 ilikuwa euro 9,500, na usipolipa inafungiwa, anayetaka kusoma alipe dola 30 na kitu kwa pepa moja. Yapo majarida yanayosamehe nchi maskini, lakini mi nimeshakaa mbele ya ukurasa uliofungwa nikitafuta majibu ya ndugu yangu mwenyewe na najua unavyojisikia.

Kuna dalili njema, nisiwe wa kulia tu. Jaribio la CHIMES la okrelizumabu liliandikisha watu weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini peke yao, 182, kwenye vituo vya Marekani na Kenya pia. Nilipoona jina la Kenya pale niliisoma ile sentensi mara tatu.

Lakini Afrika Mashariki tumeshawahi kuwa katikati ya hadithi hii, na hapa ndo huwa napandwa na hisia. Januari 2022 jarida la Science lilitoa utafiti wa Harvard uliopitia wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 10, 955 kati yao wakapata MS wakiwa jeshini, na ukaonyesha kwamba kuambukizwa kirusi cha Epstein-Barr (EBV) kunaongeza hatari ya MS mara 32. Ni moja ya pepa zilizonukuliwa kwa kasi sana kwenye fani, na safari hii nadhani inastahili. Sasa kirusi hicho kiligunduliwaje? Hadithi inaanzia Kampala. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji pale hospitali ya Mulago, aliona watoto wenye uvimbe wa taya, akauandika 1958, mwaka 1961 akaendesha gari na wenzake wawili maili 10,000 kuanzia Uganda mpaka kusini mwa Afrika, hospitali kwa hospitali, akiuliza mmewaona watoto kama hawa. Anthony Epstein alimsikia London akaomba vipande vya uvimbe, vikawa vinatumwa kwa ndege, na siku moja ya ukungu ndege ikapelekwa Manchester badala ya London, kichupa kikafika kimechelewa na maji yake yana ukungu. Walidhani kimeharibika. Walipoangalia wakakuta ni seli hai zinaelea zenyewe, wakazikuza, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakaonyesha kirusi kwa mara ya kwanza.

Watoto wale wa Uganda wako kwenye mzizi wa kila saitesheni ya EBV na MS leo, na hakuna fomula inayowafikia. Kitu kikishakuwa maarifa ya wote watu wanaacha kutaja kilipoanzia, pepa ya mwisho inabeba sifa ya safari nzima. Kama kuna chanjo itakayokuja kuzuia MS kwa kuzuia kirusi hicho, mi naomba wakati wa kugawa ikumbukwe ule uvimbe uliondoka hapa ukiwa kwenye kichupa.

Nimalizie na habari ya orodha ya WHO ya dawa muhimu, ile ambayo serikali nyingi huitazama zinapoamua zinunue nini. Mwaka 2019 shirikisho la MS lilipeleka maombi ya dawa tatu, glatirama, fingolimodi na okrelizumabu. Kamati ikakataa, na moja ya mambo iliyosema ni kwamba rituximabu haimo kwenye maombi. Walirudi wakapanga upya, wakaitisha jopo, wakapima ushahidi kwa swali la nani anaweza kuipata, na Julai 2023 zikaingia dawa za MS kwa mara ya kwanza kwenye orodha ile: kladribini, glatirama na rituximabu.

Mdogo wangu anatumia rituximabu, dripu kila miezi sita, mwaka wa tatu huu bila shambulio. Ile pepa ya Sweden nimeiprinti, iko kwenye faili lake nyuma ya picha za MRI, na kila tukienda kwa daktari mpya tunaanza kwa kumuonyesha hiyo.